UZI: Kubuni peptidi za kuwinda saratani – tuanzie kwenye figo, saa na barabara ya Mbeya

KipunjiWaRungwe (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Nafundisha kemia hapa Mbeya. Siku hizi vijana wengi wanaofanya miradi ya mwisho wa masomo wanakuja na wazo linalofanana: wanataka kubuni kwa kompyuta peptidi itakayoshika kipokezi cha saratani. Wanaleta picha nzuri za molekuli zenye rangi, na chini yake namba ya nguvu ya kushikamana. Namba ikiwa nzuri, kwao kazi imekwisha. Nataka nieleze kwa urefu kwa nini namba hiyo peke yake haitoshi, na kwa nini sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu ya ziada ya kuanza hesabu kutoka upande mwingine. Uzi ni mrefu, someni kwa kituo.

Kwanza kwa wasio wa fani. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, vitu vilevile vinavyojenga protini za maharage na nyama. Kipokezi ni protini iliyochomoza nje ya seli, kazi yake kupokea ujumbe, kwa mfano wa homoni. Aina kadhaa za saratani huwa na vipokezi fulani kwa wingi kupita kiasi. Ukipata peptidi inayokifuata kipokezi hicho, ukaifunga atomu yenye mionzi, ukaichoma kwenye mshipa, mionzi hukusanyika palipo na uvimbe. Ukiweka atomu ambayo mionzi yake inatoka nje ya mwili, kamera inaona saratani imejificha wapi. Ukiweka ambayo mionzi yake inaishia milimita chache tu, inaua seli ilipo. Peptidi ni ileile, au inayokaribiana nayo sana, kilichobadilika ni atomu. Daktari anaona kwanza, ndipo anatibu, na anamtibu yule tu ambaye picha imeonyesha kwamba uvimbe wake unaipokea dawa.

Haya si ya kufikirika. Mwaka 1973 maabara ya Roger Guillemin kule Marekani ilitangaza somatostatini, homoni ya asidi amino 14 iliyotolewa kwenye ubongo wa kondoo. Inazuia homoni ya ukuaji na homoni nyingine nyingi. Baadaye ikabainika kwamba uvimbe wa aina ya nyuroendokrini, ule unaoota kwenye utumbo, kongosho au mapafu na mara nyingi kumwaga homoni ovyo, umejaa vipokezi vyake. Vipokezi vya somatostatini viko vya aina tano, na aina ya pili ndiyo inayotawala kwenye uvimbe huo.

Sasa tatizo lilikuwa hili. Somatostatini inakishika kipokezi vizuri sana, lakini ndani ya damu haidumu zaidi ya dakika chache. Vimeng'enya vinaikatakata. Nguvu ya kushika ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na bado haikuwa dawa.

Kilichoiokoa ni kazi ya wakemia wa kampuni ya Sandoz, Uswisi, iliyochapishwa mwaka 1982. Waliona kwamba kati ya zile 14, asidi amino nne tu ndizo zinazogusa kipokezi kwa maana: fenilalanini, triptofani, lisini na treonini. Wakazibakiza hizo, wakatupa nyingi za pembeni, wakaifunga iliyobaki kuwa duara dogo kwa daraja la salfa mbili. Triptofani ya kawaida wakaibadilisha kwa pacha wake wa upande wa kioo, ile tunayoiita umbo la D, ambayo vimeng'enya vya mwili havina mazoea nayo. Mwisho wa mnyororo wakaweka pombe badala ya asidi. Ikazaliwa oktreotidi, asidi amino nane, ambayo kiasi chake kwenye damu huchukua kama saa moja na nusu kupungua nusu. Mkitaka kujifunza ubunifu wa peptidi kwa mfano mmoja, chukueni huu. Mpaka leo sijaona unaoushinda.

Mwaka 1989 wenzetu wa Rotterdam wakaifunga iodini yenye mionzi, wakauona uvimbe kwa kamera. Mwaka 1994 Marekani ikaidhinisha ile yenye indiamu-111. Mwaka 2016 ikafuata DOTATATE, jamaa wa karibu wa oktreotidi, yenye galiamu-68 kwa ajili ya picha kali za mashine iitwayo PET, na ile yenye lutesiamu-177 kwa ajili ya kutibu ikaidhinishwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani Januari 2018. Katika utafiti uliofungua mlango huo, ulioitwa NETTER-1, wagonjwa 229 wenye uvimbe wa nyuroendokrini wa utumbo waligawanywa makundi mawili. Ilipofika mwezi wa 20, asilimia 65.2 ya waliopewa lutesiamu walikadiriwa kuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya asilimia 10.8 ya waliopewa dozi kubwa ya oktreotidi ya kawaida. Kwa ugonjwa uliokwisha kusambaa, hilo ni jambo kubwa sana.

Naendelea chini.

---

KipunjiWaRungwe

Sehemu ya pili: mambo ambayo kompyuta ya mwanafunzi haimwambii.

La kwanza ni figo. Peptidi ni ndogo, kwa hiyo figo zinaichuja haraka. Hilo ni jema, kwa sababu damu inasafishika na picha inakuwa safi. Lakini mirija ya figo ina tabia ya kunyonya tena protini na peptidi zilizochujwa, na inapenda hasa zenye chaji chanya. Ikinyonya peptidi yenye lutesiamu, mionzi inabaki ndani ya figo. Ndiyo maana mgonjwa wa lutesiamu huwekewa dripu ya lisini na arginini, kwa kawaida gramu 25 kwa 25, inayoanza kabla ya dawa yenyewe na kuendelea kwa saa kadhaa. Asidi amino hizo zinaishughulisha ile mirija mpaka dawa ipite kwenda kwenye mkojo. Mwanafunzi anayeongeza lisini tatu kwenye mnyororo wake ili ishike vizuri zaidi, anaipeleka dawa kwenye figo bila kujua. Kila chaji chanya unayoiongeza, jiulize figo zitaifanyia nini.

La pili ni ile sehemu inayoshika metali. Huwezi kuibandika lutesiamu kwenye peptidi hivihivi, unahitaji molekuli ya pete kama DOTA inayoikumbatia isiachie. Ikiachia, lutesiamu huru inakwenda kukaa kwenye mifupa. Na jambo wasilolitarajia wengi ni kwamba metali yenyewe inabadilisha jinsi peptidi inavyoshika kipokezi. Kikundi cha Jean Claude Reubi cha Bern kilipima mwaka 2000 kwa kipokezi cha somatostatini aina ya pili. Kipimo ni kiasi cha dawa kinachohitajika kuzuia nusu ya vipokezi, kwa hiyo namba ndogo ndiyo bora. Oktreotidi yenye indiamu ilihitaji nanomola 22. DOTATATE yenye itriamu ikahitaji 1.6. DOTATATE hiyohiyo ikiwa na galiamu ikahitaji 0.2 tu. Angalieni hizo mbili za mwisho: mnyororo ni uleule, pete ni ileile, metali tu imebadilika, na tofauti ni mara nane. Kwa hiyo ukifanya hesabu ya kompyuta kwa peptidi tupu, umehesabu molekuli ambayo mgonjwa hatachomwa kamwe.

La tatu, je, peptidi ikichochee kipokezi au ikizuie tu? Kwa miaka mingi tuliamini inayochochea ndiyo bora, kwa sababu kipokezi kikichochewa huzama ndani ya seli pamoja na dawa. Mwaka 2006 kundi hilohilo la Reubi na wenzake likaonyesha kwamba vizuizi, ambavyo havizami, vinakusanyika kwenye uvimbe zaidi, kwa sababu vinapata sehemu nyingi zaidi za kushika. Kwa familia ya bombesini jambo hili lina uzito wa pekee. Bombesini ilitolewa kwenye ngozi ya chura wa Ulaya, *Bombina bombina*, na kundi la Vittorio Erspamer wa Italia, na kipokezi cha jamaa yake wa mwilini mwetu, GRPR, kiko kwa wingi kwenye saratani ya tezi dume na kwenye saratani nyingi za titi zinazotegemea homoni ya estrojeni. Peptidi zinazokichochea zinamletea mgonjwa kichefuchefu na maumivu ya tumbo, zinazokizuia hazina shida hiyo. Hapa mbunifu anayejali mtu wa kitandani hana sababu ya kusitasita.

Kwa kuwa nimetaja vyura: yuko chura wa Kiafrika, *Kassina senegalensis*, anayepatikana Tanzania pia, ambaye ngozi yake ilitoa peptidi inayoitwa kasinini. Iko katika ukoo mmoja na dutu P, peptidi ya neva ya mwilini mwetu, na dutu P yenye mionzi imejaribiwa Ulaya kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo aina ya glioma. Kila chura tunayempoteza mabondeni anaondoka na maktaba yake. Wale wa Kihansi mnajua jinsi kile kichura cha kwenye maporomoko kilivyotoweka porini, hadi kikarudishwa kutoka mabanda ya Marekani. Nafunga mabano.

La nne ni saa, na hapa ndipo tunafika nyumbani.

---

KipunjiWaRungwe

Sehemu ya tatu: barabara.

Chukueni basi la alfajiri kutoka Dar hadi Mbeya, tuseme safari ya muda wa saa 12 kwa bahati nzuri. Pakieni galiamu-68 iliyokwisha kufungwa kwenye peptidi. Mionzi yake hupungua nusu kila dakika 68. Ikifika Mafiati imebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110, na yenyewe ingebaki kama asilimia moja. Teknesiamu-99m hupungua nusu kila saa 6, ingebaki robo. Lutesiamu-177 huchukua karibu siku 6.65, kwa hiyo ingefika na asilimia 95.

Hesabu hiyo ya darasa la fizikia inaamua muundo wa molekuli. Atomu unayoweza kuipata ndiyo inayochagua pete ya kuishika, pete inabadilisha namna peptidi inavyoshika, na muda wa atomu lazima uoane na muda wa peptidi kufika kwenye uvimbe na kuondoka kwenye damu. Wakulima wa Rungwe na Njombe wanalielewa hili kuliko sisi wa maabara: parachichi la kienyeji lina utamu wake, lakini linalopandwa kwa ajili ya ng'ambo ni Hass, kwa sababu linastahimili safari mpaka bandarini.

Sasa msikate tamaa na ile galiamu. Kuna vyombo vinavyoitwa jenereta. Ndani yake kuna atomu mzazi inayooza taratibu na kuzaa ile unayoitaka, nawe unaikamua kwa maji maalumu kila inapohitajika. Mzazi wa galiamu ni jemaniamu-68, ambaye hupungua nusu kwa siku 271, kwa hiyo jenereta moja hutumika kwa miezi mingi. Na hizi zinatengenezwa hapahapa Afrika, na iThemba LABS ya Afrika Kusini. Jenereta ya teknesiamu mzazi wake ni molibdenamu-99 wa saa 66, inabadilishwa kila wiki au karibu na hapo. Kinu cha nyuklia cha SAFARI-1 kule Pelindaba, Afrika Kusini, ni mmoja wa wazalishaji wakubwa wa molibdenamu hiyo duniani.

Galiamu inahitaji mashine ya PET. Teknesiamu inahitaji kamera ya gama, ambayo ni ya bei ya chini zaidi na ndiyo iliyozoeleka kwenye idara za tiba nyuklia za nchi zetu, ikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Na kuna oktreotidi ya teknesiamu tayari, ile yenye kishikio kinachoitwa HYNIC. Inakuja kama unga kwenye kichupa, unaongeza teknesiamu, unapasha moto, unapima usafi, unamchoma mgonjwa. Picha yake si kali kama ya PET, ila inaonyesha uvimbe wa nyuroendokrini vizuri, na inaweza kufanyika mahali ambapo PET haitafika kwa muda mrefu.

Msimamo wangu ni kwamba mbunifu wa Mbeya au Iringa aanze na teknesiamu. Aanze na kichupa cha unga kinachokaa kwenye friji, kinachovumilia umeme kukatika, kinachoandaliwa na mtu mmoja makini kwa hatua chache. Halafu arudi nyuma aulize: ni peptidi gani, yenye kishikio hicho, itakayobaki nzima kwenye damu ya binadamu, isiyong'ang'ania figo, na inayofuata saratani za watu wa huku? Nguvu ya kushika iingie mwishoni, ikiwa sharti mojawapo kati ya mengi.

Saratani za huku ni zipi? Kwa wanawake wa Tanzania inaongoza ya mlango wa kizazi, kwa wanaume tezi dume. Na nchi yetu imo kwenye ule ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, wenye saratani ya koo la chakula kwa kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Tezi dume tayari ina shabaha nzuri sana, PSMA, nitaieleza mtu akiuliza. Koo ndilo linaloniumiza kichwa, na ndilo ningependa vijana wetu walifie.

---

Mnyalukolo_Kihesa

Kamwene mkuu. Niko Iringa, nasoma kemia. Uzi umenigusa kwa sababu mradi wangu ni wa koo kweli. Nilikuwa nimechagua kipokezi cha EGFR, kwa kuwa saratani ya koo ya aina ya skwamasi inakuwa nacho kwa wingi, na kuna peptidi GE11 ya asidi amino 12 iliyopatikana kwa virusi vya bakteria, ile mbinu ya George Smith iliyopata Nobel mwaka 2018. Niendelee nayo?

---

KipunjiWaRungwe

Kamwene ndugu yangu. Endelea kwa tahadhari. GE11 imeandikwa sana tangu mwaka 2005, lakini wengine walioifunga mionzi na kuipima upya hawakuona ikikusanyika kwenye uvimbe kwa kiwango kilichotarajiwa. Kupata peptidi kwa virusi vya bakteria ni njia nzuri: unakuwa na mamilioni ya minyororo tofauti, kila mmoja umebebwa na kirusi chake, unaimwaga juu ya kipokezi, unaosha, unabaki na inayong'ang'ania. Ila juu ya kirusi mmoja kuna nakala kadhaa za mnyororo, zinashika kwa pamoja. Ukitoa mnyororo mmoja ukausimamisha peke yake, nguvu inaweza kuanguka vibaya. Na EGFR ina shida nyingine: ini na ngozi vinayo pia.

Ushauri wangu, tazama protini nyingine ya nje ya seli, inayoitwa FAP. Hii haiko hasa kwenye seli za saratani, iko kwenye seli za nyuzinyuzi zinazouzunguka na kuulea uvimbe. Saratani ya koo ina tishu hizo kwa wingi, na kwenye sehemu nyingi za mwili wenye afya FAP ni kidogo mno. Kuna peptidi ya duara, FAP-2286, ambayo imefungwa galiamu kwa picha na lutesiamu kwa tiba na kupelekwa kwenye majaribio ya binadamu. Naipenda kwa sababu ya umbo lake la duara: mnyororo uliofungwa ncha zake haupapasipapasi ovyo, na vimeng'enya vinakosa pa kuanzia kung'ata. Tofauti nyingine ni kwamba molekuli ndogo za FAP zilizotangulia huwa zinatoka kwenye uvimbe mapema, wakati lutesiamu bado ina siku nyingi za kufanya kazi. Hiyo peptidi inakaa zaidi. Unaona saa inavyorudi tena?

---

DaktariWaZamu

Mwalimu, nashukuru. Mimi niko wodini kanda hii. Naomba uongeze jambo ambalo wakemia hulisahau. Wagonjwa wetu wa koo wengi wanafika wakati hata uji haupiti. Picha ya kisasa haitawasaidia wengi kama kipimo cha kamera ya koo na kinyama hakikufanyika mapema. Na ukitaka kusema kipokezi fulani kiko kwa wingi kwenye saratani za Mbeya, ni nani aliyeangalia vinyama vya Mbeya? Takwimu nyingi mnazozitumia zimetoka kwa Wachina na Wazungu.

---

KipunjiWaRungwe

Daktari, umesema kweli na nalikubali kabisa. Kazi ya Reubi ilianza hivyohivyo: alichukua vipande vya uvimbe vilivyotolewa kwa upasuaji, akavikata vyembamba, akavipaka peptidi yenye mionzi na kuangalia ni vipi vinavyowaka. Ramani ya vipokezi ya dunia nzima ilijengwa kwa vipande vya aina hiyo. Maabara za patholojia zina vinyama vilivyogandishwa kwenye nta. Kwa kibali cha kamati ya maadili, mwanafunzi wa udaktari hapa chuoni Mbeya anaweza kuvipaka kingamwili za FAP, EGFR na GRPR na kutuambia nini kimo. Hiyo ni kazi ya darubini, haihitaji kinu cha nyuklia wala kamera ya gama, na bila hiyo sisi wakemia tunabuni kwa ajili ya mgonjwa wa kufikirika.

---

MamaIpinda

Shikamooni wasomi. Mimi si wa fani, natokea Kyela. Kaka yangu ana saratani ya koo na kijana mmoja anatuambia kuna peptidi zinauzwa mtandaoni, za kuchoma sindano, zinaondoa uvimbe. Je, ndizo hizi? Tumeshaanza kuchanga.

---

KipunjiWaRungwe

Marahaba mama, na pole sana na kuuguliwa. Hapana, sizo hizi. Usinunue. Peptidi tunazozungumzia hapa hazina nguvu ya kuua saratani kwa zenyewe, kinachoua ni ile atomu yenye mionzi iliyofungwa juu yake, na hiyo hutolewa hospitalini tu, na wataalamu wenye leseni, chini ya usimamizi wa Tume ya Nguvu za Atomiki. Haiwezi kuja kwa basi kwenye boksi la simu. Zile za mtandaoni nyingi huuzwa kwa watu wa mazoezi ya misuli, hakuna anayejua kilichomo kwenye kichupa, na baadhi zinachochea ukuaji, jambo ambalo mgonjwa wa saratani halitaki hata kidogo.

Hela mliyochanga iwe nauli na matibabu. Mpelekeni Rufaa Mbeya akafanyiwe kamera ya koo na kuchukuliwa kinyama kama bado hajachukuliwa. Muulizeni daktari kuhusu mionzi ya kawaida, na kama hawezi kumeza, kuhusu kuwekewa mpira wa kupitisha chakula. Hivyo vipo, na vinampunguzia mgonjwa mateso. Akikataliwa mahali, niandikie pembeni.

---

MamaIpinda

Ndaga fijo mwanangu. Tutakwenda Jumatatu.

---

Mwananjelwa

Mkuu umesema mtu akiuliza PSMA utaeleza. Nauliza kwa ajili ya mzee wangu, ana tezi dume.

---

KipunjiWaRungwe

PSMA ni kimeng'enya kilichosimama juu ya seli za tezi dume, na kwenye saratani huongezeka sana. Kwa ukali wa istilahi si kipokezi, lakini kinazama ndani ya seli kikishikwa, kwa hiyo kinatufaa. Molekuli inayokifuata imejengwa kwa glutamati na lisini zilizounganishwa na yurea, ni kama peptidi iliyofupishwa hadi mfupa. PSMA-617 ilitoka Heidelberg, Ujerumani. Ikiwa na lutesiamu iliidhinishwa Marekani mwezi Machi 2022, baada ya utafiti wa wagonjwa 831 wenye ugonjwa uliosambaa na uliokwisha kukaidi homoni na kemo: muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 15.3 kwa waliopewa, dhidi ya 11.3 kwa waliopata matunzo ya kawaida pekee.

Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi. Profesa Mike Sathekge na wenzake wa Pretoria wametumia aktiniamu-225, ambayo mionzi yake ya alfa haivuki hata sehemu ya kumi ya milimita na ni mikali mno, kwa wanaume ambao wengi wao walifika na ugonjwa umeenea mifupani. Matokeo yao yalisomwa dunia nzima. Shida kubwa ni mate kukauka, kwa sababu tezi za mate nazo zinaichukua dawa, na kwa aktiniamu hali hiyo huwa mbaya zaidi. Huo ni mtihani wa kemia ulio wazi bado: buni inayokwenda kwenye tezi dume na kuyaacha mate.

Kwa mzee, kama ugonjwa haujasambaa, tiba zake za kawaida ndizo za kwanza. Upasuaji, mionzi, homoni. Usimrukishe hatua.

---

FundiMionzi

Mkuu, mimi ni wa usalama wa mionzi. Naongezea moja tu kwa wanaoota lutesiamu mikoani. Kuna njia mbili za kuitengeneza. Moja inaacha masalia ya lutesiamu-177m, ambayo hupungua nusu kwa siku kama 160. Ina maana mkojo wa mgonjwa na taka zote zinahitaji kuhifadhiwa muda mrefu kabla ya kutupwa. Njia nyingine inayoanzia kwa itabiamu haina shida hiyo. Kabla ya kufungua wodi, chimbeni kwanza tangi la maji taka.

---

KipunjiWaRungwe

Asante sana fundi. Hili ningeomba kila mwanafunzi alisome mara mbili. Mbunifu anaweza kusaidia hapo pia: peptidi inayotoka kwa mkojo ndani ya saa chache inamfanya mgonjwa akojoe mionzi akiwa bado wodini, penye tangi, badala ya nyumbani.

---

Mnyalukolo_Kihesa

Mkuu nimebadilisha, nakwenda na FAP. Swali la mwisho: hapa Iringa sina mionzi, sina panya, nina kompyuta na maabara ya kawaida. Naanzia wapi kweli?

---

KipunjiWaRungwe

Mionzi huihitaji bado. Galiamu na indiamu za dukani hazina mionzi na zinafungwa na pete ileile kwa kemia ileile. Kwa teknesiamu watu hutumia reniamu, jirani yake wa chini kwenye jedwali.

Kwa kompyuta, miundo ya protini iko bure kwenye benki ya data ya protini, na programu ya AutoDock Vina ni bure. Ila hakikisha unaiweka molekuli nzima, pamoja na kiungo kinachoishika peptidi kwenye pete, pete yenyewe na metali ndani yake, na utazame kama pete inagongana na mlango wa FAP. Nyuma ya peptidi jaribu viungo vya urefu tofauti. Hesabu chaji ya jumla, ujaribu kuileta karibu na sifuri.

Halafu agiza peptidi chache tu, tatu au nne zinazotofautiana kwa jambo mojamoja, usiagize ishirini. Merrifield aliturahisishia mwaka 1963 alipoanza kujenga minyororo juu ya chembe za plastiki, leo maabara nyingi zinauza kwa oda. Zikifika, kabla ya kitu kingine chochote, ziweke kwenye plazma ya damu ya binadamu kwa nyuzi 37, kwa kibali cha benki ya damu. Chota sampuli mwanzoni, dakika ya 15, ya 30, saa moja, saa mbili na saa nne, zimwagie asetonitrili protini zigande, zungusha, kisha pitisha maji ya juu kwenye HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali. Mashine hiyo kama haipo chuoni kwako, ulizia maabara za serikali za kanda hapa Mbeya, tutaandika barua pamoja. Kilele cha peptidi yako kikishuka nusu kabla ya dakika 30, usiendelee mbele hata kama inashika namna gani. Tafuta ilipokatika, weka hapo umbo la D au kundi la metili kwenye nitrojeni, agiza tena. Na mara zote weka oktreotidi pembeni kama kipimo cha kulinganisha, kwa sababu yenyewe tunajua inastahimili. Ukipata michoro ya kwanza iweke humu, tuisome wote.